Hakuwepo Nyumbani

Alhamisi Odelu aliandikwa na serikali kwamba hakuwepo nyumbani. Odelu hajatoka nyumbani kwa miguu yake tangu siku alipoanguka kutoka juu ya mti wa mvumo akigema tembo, na kuanzia kiunoni kwenda chini mwili wake ni mzigo wa kubebwa. Alikuwepo. Alikuwa kitandani, amenyolewa ndevu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anawasubiri. Na waliomwandika hivyo walimwona kwa macho yao.

Mwaka ule watu wasiojiweza waliruhusiwa kupigia kura nyumbani, wiki moja kabla ya wengine. Odelu alikuwa wa kwanza pale kijijini Idulapalli kujiandikisha. Uchaguzi uliotangulia vijana wa chama fulani walimbeba na kitanda chake mpaka shuleni, wakiimba jina la mgombea wao njia nzima, na kijiji kizima kikajua, au kikadhani kinajua, alimpigia nani. Wakati wa kurudi hakuonekana hata kijana mmoja. Alikaa juani uwanjani mwa shule mpaka mkewe, Bhulakshmi, akaenda kuazima mkokoteni wa kubebea samadi.

Sasa gari jeupe la uchaguzi likaja, likasimama mbele ya nyumba ya kaka yake, Komuraiah, kwa sababu bati lenye nambari 3-27 limepigiliwa juu ya mlango wa Komuraiah. Zamani nyumba ilikuwa moja. Ndugu walipogawana, Komuraiah alibaki na upande wa mbele wenye mlango wa barabarani na ua, Odelu akapata chumba cha nyuma na jiko. Wakajenga ukuta katikati, mlango wa Odelu ukatobolewa upande wa kichochoro. Chumba hicho hakijapata nambari mpaka leo. Katibu wa kijiji anasema nambari itatoka Komuraiah akitia saini karatasi ya mgawanyo. Komuraiah anasema atatia saini siku dirisha litakapozibwa.

Dirisha lenyewe ni la Odelu, lakini linatazama uani kwa Komuraiah. Ndilo dirisha pekee la chumba kile, na kitanda cha Odelu kiko chini yake.

Mkuu wa kikosi cha kura aliitwa Prabhakar, mwalimu wa sekondari aliyekopeshwa kwa kazi ile, mwenye miwani na leso shingoni kwa ajili ya jasho. Aliingia uani na msaidizi wake, askari mmoja na kijana wa kupiga video. Mke wa Komuraiah, Anjavva, alikuwa anasugua masufuria kwa majivu. Prabhakar akamuuliza kama Odelu wa nyumba 3-27 yupo.

"Hapa haishi," Anjavva alisema, wala hakuinua kichwa.

"Nipo!" Odelu aliita. "Niko hapa, bwana, dirishani. Zungukeni kichochoroni, mlango uko wazi."

Prabhakar alitazama dirisha, akatazama karatasi yake, akatazama tena dirisha. Aliuliza dirisha lile ni la nyumba gani. Anjavva akasema ni la nyumba nyingine. Akauliza hiyo nyumba nyingine nambari yake ngapi. Anjavva akasema haina.

"Nakuona, bwana," Prabhakar alimwambia Odelu. "Lakini mimi nimetumwa 3-27."

"Basi nipitishie hiyo karatasi hapa dirishani, nitie alama yangu, uende zako."

Kijana wa video alicheka. Prabhakar hakucheka. Alieleza kwa kirefu, kama anafundisha darasani, kwamba video lazima ionyeshe bati la nambari, kisha mlango, kisha mpiga kura ndani ya mlango huohuo. Kikosi kingine wilayani kilikuwa kimesimamishwa kazi kwa kumpigisha mzee mmoja kura kwenye kibanda cha mkwewe. Yeye ana watoto wawili chuoni. Akaandika, akasema watakuja mara ya pili Jumamosi, na hiyo ndiyo ya mwisho. Odelu akamuuliza ameandika nini. Prabhakar akamsomea.

"Hakuwepo," Odelu alirudia. "Mbele ya macho yako?"

Gari likaondoka. Bhulakshmi hakuwepo kumbishia mtu. Walikuwa wameambiwa kikosi kitakuja mchana, naye asubuhi ile alikuwa kwenye foleni ya tajiri wa biri, vile visigara vya jani anavyosokota kutwa nzima ungo ukiwa mapajani. Alirudi akamkuta mumewe bado amevaa shati jeupe, amegeukia ukutani.

*

Swarupa ni mwalimu wa watoto wadogo, lakini kila uchaguzi serikali humgeuza karani wa orodha ya wapiga kura, na malipo yake ni kutukanwa na pande zote. Mchana uleule Bhulakshmi alimkuta kwenye kituo cha watoto anagawa uji. Alimsimulia kila kitu akiwa amesimama, maana viti vyote ni vya watoto.

Swarupa alipiga simu ofisi ya uchaguzi. Alipiga tena. Mara ya tatu akapata mtu, akaeleza, akasikiliza, akaeleza upya kwa mtu mwingine. Watoto wakamaliza uji. Mwishoni alikata simu, akamwambia Bhulakshmi kwamba mambo ni mawili, na yote mabaya. Odelu hawezi tena kupiga kura shuleni siku ya uchaguzi, kwa sababu jina lake limeshapigwa muhuri wa kura ya nyumbani. Na nyumbani kwake, kwa serikali, ni 3-27.

"Kwa hiyo nifanye nini, dada? Ning'oe bati la watu?"

"Jumamosi awe ndani ya mlango wa Komuraiah. Akae tu pale mpaka waje. Halafu mnamrudisha."

"Unajua hawasemezani."

"Najua. Kijiji kizima kinajua. Lakini nimeombwa nitoe njia, na njia ndiyo hiyo."

Bhulakshmi alimuuliza kwa nini wakati wa kujaza fomu ya kura ya nyumbani hakusema mambo ya nambari. Swarupa alisema naye hakuambiwa. Aliambiwa apate watu kumi wa kura ya nyumbani, akapata saba, na kwa hao watatu waliopungua aliandikiwa barua ya onyo. Alisema hivyo huku anakwangua sufuria, na Bhulakshmi akaona hakuna faida ya kumgombeza mtu aliyekwisha kugombezwa.

*

Jioni ile alikwenda mlango wa mbele. Komuraiah alikuwa amerudi kutoka mashambani na vyungu vyake vya tembo, ananawa miguu. Hawakumkaribisha ndani. Alisimama barazani akaeleza shida yake, akiangalia chini, kwa sababu shemeji yake ni mkubwa na kwa sababu majirani wa ng'ambo walikuwa wametoka kusikiliza.

Anjavva ndiye aliyejibu. Alisema yeye hana ubaya na mtu. Asubuhi aliulizwa kama Odelu anaishi hapa, akasema haishi hapa. Kuna uongo gani? Lakini miaka miwili sasa anaoga uani kwake mwenyewe amejifunga sari nzima kama maiti, kwa sababu mwanamume yuko dirishani kama askari wa lindo.

"Hakuangalii wewe, dada," Bhulakshmi alisema. "Anaangalia miti."

"Najua anaangalia miti," Komuraiah alidakia. "Heri angekuwa anamwangalia Anjavva."

Anjavva alimkata jicho. Komuraiah aliendelea, na sasa alikuwa anawaambia majirani zaidi kuliko Bhulakshmi. Alisema mivumo ile mitatu ya ng'ambo ya ua sasa anaigema yeye. Kila asubuhi akifika juu, kisu mkononi, anasikia sauti kutoka dirishani: umekata chini mno, kaka, utaua mti. Wateja wanasikia. Juzi mteja mmoja alimuuliza kwa adabu kabisa kama ni kweli anakata chini.

"Na ni kweli?" Bhulakshmi aliuliza. Lilimtoka tu.

Jirani mmoja akacheka. Komuraiah alikung'uta maji miguuni, akaingia ndani. Anjavva akabaki mlangoni akataja bei. Hawataki pesa. Wanataka dirisha lizibwe, kwa tofali na saruji, si kwa mbao wala gunia, na gharama ni ya mwenye dirisha. Na lizibwe kabla, si baada. Akishapiga kura yake watamwona wapi tena?

"Ijumaa jioni nikiona ukuta, Jumamosi mlango uko wazi," alisema. "Chai pia nitawapikia."

*

Bhulakshmi hakumwambia mumewe mara moja. Kwanza alimgeuza, akamfuta mgongo, akakagua kidonda cha makalio kama kimekauka, akamwaga mfuko wa mkojo. Alipomaliza alikaa chini na ungo wake, akaanza kusokota, ndipo akamwambia. Alimwambia kwa mkato, kama anayesoma bei dukani.

Odelu alitazama dirisha. Nje mwanga ulikuwa bado upo kidogo, na mivumo mitatu ilikuwa imesimama nyuma ya ua, vyungu vya usiku vimeshafungwa juu.

"Waambie hapana," Bhulakshmi alisema. "Kura moja. Serikali itaanguka kwa kukosa yako? Wale watu wanashinda na kushindwa kwa kura maelfu. Uchaguzi uliopita ulipiga, ukapata nini? Ulipata kuchomwa na jua."

"Sikupiga ili nipate kitu."

"Ulipiga kwa nini basi? Hebu niambie, maana mimi ndiye nitakayemlipa fundi."

Alijaza tumbaku kwenye jani, akalikunja, akalifunga uzi, akachukua lingine. Odelu aliangalia mikono yake ikifanya kazi.

"Unaniosha wewe," alisema. "Unanigeuza wewe. Nikijisaidia unajua, nisipojisaidia unajua, mpaka nesi anakuuliza wewe, haniulizi mimi. Pensheni natia kidole mbele ya karani na watu wote wa foleni wanahesabu pamoja naye. Sina kitu mwilini mwangu ambacho watu wawili watatu hawajakishika. Kile kijialama kwenye karatasi nikitia, hakuna anayejua. Hata wewe."

"Mimi nina haja gani ya kujua?"

"Huna. Ndiyo maana ni kitamu."

Bhulakshmi alitaka kukasirika, akakuta hasira haiko tayari. Alimuuliza, dirisha je? Dirisha ndilo linalomwambia kumekucha. Bila dirisha atawasha taa mchana, na bili ya umeme atailipa nani?  Odelu alitazama nje mpaka miti haikuonekana tena.

"Mwite fundi," alisema.

*

Fundi alikuja Ijumaa, akafanya kazi akiwa upande wa uani, kwa hiyo Odelu alimwona uso mpaka alipofunikwa. Safu ya kwanza ilificha masufuria ya Anjavva. Safu za kati zikala uzio. Odelu aliendelea kupunguza mito chini ya kichwa ili aone juu zaidi, mpaka mito ikaisha na yeye akabaki na vichwa vya mivumo tu, majani yake makavu yakigonganagongana kwa upepo.

"Acha tofali moja pale juu," alimwambia fundi. "La hewa."

Fundi aligeuka kuuliza. Sauti ya Anjavva ikasikika kutoka jikoni kwake.

"Usiache hata tundu la panya."

Fundi alikuwa mtu mwema. Alisema pole, kisha akaweka tofali. Chumba kikawa giza saa kumi ya mchana, na harufu ya saruji mbichi ikakaa humo kama mgeni asiyejua kuondoka. Bhulakshmi aliwasha taa. Akaona mumewe bado anatazama palepale.

*

Jumamosi asubuhi Komuraiah alikuja kichochoroni na wagema wenzake wawili. Hakusalimia. Alisimama mlangoni, akaona chumba kilivyo na giza, akaona taa inawaka jua likiwa nje, akageuza uso. Wakashika kitanda pembe tatu, Bhulakshmi pembe ya nne, wakazunguka na Odelu mbele ya maduka. Watu waliokuwa wanakunywa chai wakauliza anakwenda wapi. Mgema mmoja akasema anakwenda nyumbani.

Mlango wa Komuraiah haukupitisha kitanda. Alipojenga upya alikuwa ameupunguza ili apate nafasi ya kibanda cha pikipiki. Wakajaribu kimshazari, wakajaribu kwa ubavu, Odelu akaning'inia akishikilia kamba, Bhulakshmi akilia kwamba kidonda kitafunguka. Wakamshusha barabarani. Anjavva akatoa kiti cha plastiki. Lakini mtu asiye na kiuno hakai kwenye kiti cha plastiki. Walipomweka aliteleza kama gunia la pumba.

Komuraiah aliingia ndani, akatoka na ukanda wake wa kupandia. Kila mgema wa Idulapalli ana ukanda huo, wa ngozi na kamba, unaozunguka mti na kiuno, na hauazimishwi hata kwa baba. Alipiga magoti nyuma ya kiti, akaupitisha kifuani mwa ndugu yake na mgongoni mwa kiti, akafunga lile fundo ambalo wote wawili walifundishwa siku moja na mtu mmoja.

"Kaza," Odelu alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia uso kwa uso tangu ukuta ujengwe.

"Nimekaza."

"Umekaza kama unavyokata. Legelege."

Wagema wakaangua kicheko. Komuraiah akavuta mara moja mpaka Odelu akakosa pumzi, na alipoipata hakusema tena. Wakamwinua na kiti, wakampitisha chini ya bati la 3-27, wakamweka katikati ya chumba cha mbele. Chumba hicho ndimo alimozaliwa. Sasa kilikuwa na vigae.

Kikosi kilisemekana kitakuja asubuhi. Asubuhi ikapita. Wagema wakaenda kwenye miti yao. Anjavva alipika chai kama alivyoahidi, na Odelu hakuinywa, kwa sababu mtu mwenye mfuko wa mkojo hanywi chai nyumbani kwa watu. Haikusaidia. Bomba la mfuko lilikuwa limebanwa kati ya paja na kiti, na mchana, wakati Anjavva anapakua wali na mchuzi wa ukwaju, mkojo ukatoka pembeni, ukapita chini ya kiti, ukafuata mstari wa vigae mpaka kwenye mkeka wa kulia.

 Anjavva aliinua sahani, akazipeleka jikoni. Bhulakshmi akavua kitambaa cha kichwani akafuta, akaenda kuchota maji, akafuta tena. Anjavva akarudi na ndoo yake mwenyewe na dawa ya kunukia, akafuta palepale palipokwisha kufutwa, mara mbili, polepole. Odelu alikuwa amefungwa kwenye kiti, kwa hiyo hakuwa na pa kuangalia isipokuwa hapo.

"Twende nyumbani," Bhulakshmi alimnong'oneza. "Inatosha."

"Hapa ndio nyumbani," Odelu alisema. "Hukusikia?"

*

Gari lilikuja jua limekwisha kuinama. Prabhakar aliomba radhi. Kulikuwa na bibi wa miaka tisini kijiji cha pili aliyekataa kupiga kura mpaka mwanawe arudi kutoka Dubai. Kijana wa video akapiga picha za bati, za mlango, kisha za Odelu na ukanda wake. Swarupa alikuwa amefuatana nao na daftari lake.

Prabhakar alisoma maelezo yote kwa sauti. Kisha akauliza nani atamsaidia mpiga kura kutia alama. Akamtazama Komuraiah, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni.

"Kaka yake yupo. Sheria inaruhusu msaidizi. Itakuwa haraka."

"Mikono ninayo," Odelu alisema.

"Naona, bwana, lakini umefungwa. Usipate tabu bure. Mwambie tu kaka yako unayemtaka, atakutilia."

"Bwana mkubwa," Odelu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kwa nguvu, "miguu ndiyo iliyokufa. Alhamisi ulisema sipo. Leo nipo, unasema sina mikono. Kesho utasema sina kichwa. Nipe kalamu."

Askari akainamisha uso. Prabhakar alifungua kile kizuizi cha kadibodi cha kuficha kura. Kilitengenezwa kwa ajili ya meza, na Odelu hakuwa na meza. Bhulakshmi akaleta ungo wake wa biri kutoka nyuma, akaugeuza juu ya mapaja ya mumewe, kadibodi ikasimama juu yake. Kila mtu akaambiwa ageukie ukuta. Wakageuka: mwalimu, msaidizi, askari, Swarupa, Komuraiah, Anjavva, na Bhulakshmi. Kijana wa video akaelekeza kamera yake darini. Watu wote wale, katika nyumba ile, walimpa Odelu mgongo kwa sababu yeye alitaka hivyo.

Alichelewa. Majina yalikuwa mengi, na chini kabisa palikuwa na ile nafasi ya kukataa wote. Prabhakar akakohoa. Nje pikipiki ikapita. Mtu akaweza kusikia kalamu ikigusa karatasi, ikiinuka, kisha kimya, kisha karatasi ikikunjwa. Odelu alilamba bahasha ya kwanza, akaitia ndani ya ya pili, akalamba na hiyo. Pale penye saini alitia saini, si kidole.

"Geukeni," alisema.

Prabhakar alipokea bahasha, akaanza kukunja kadibodi. Kazi ilikuwa imekwisha na sasa alitaka kuwa mtu wa maongezi. Alichungulia uani kupitia mlango wa nyuma, akaona saruji mbichi.

"Juzi nilikuona pale. Dirisha mmelifanyaje?"

"Tumeziba."

"Kwa nini?"

"Ili nije hapa nipige kura."

Prabhakar alisimama na kadibodi yake mkononi. Alimgeukia Swarupa, akamuuliza kama hakuwapa habari. Ofisi ilikuwa imetuma maelekezo jana yake asubuhi: nyumba iliyogawanywa ihesabiwe moja, mtu akikutwa upande wowote apige kura palepale alipo. Yeye angemfuata kitandani kwake. Alishangaa leo kumwona huku mbele, akadhani amependa mwenyewe.

Swarupa alitoa simu yake. Bando lilikuwa limekwisha tangu Alhamisi, kwa zile simu za kupiga ofisini. Aliiunganisha na bando la askari, na ujumbe ukaingia hapohapo, mbele yao wote, kwa mlio wa furaha.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo likamfanya alie. Bhulakshmi ndiye aliyembembeleza, huku anachukua ungo wake. Komuraiah alimtazama mkewe. Anjavva alitazama vigae.

"Ya jana ni ya jana," Anjavva alisema mwishowe. "Tuliahidiana, na mimi mlango nilifungua."

Na kweli alikuwa amefungua.

*

Siku ya uchaguzi Bhulakshmi alipanga foleni shuleni kama wengine. Jioni alimuuliza Odelu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, alimpigia nani. Odelu akamwambia amgeuze upande wa pili. Matokeo yalipotoka redioni alisikiliza mpaka mwisho na uso wake haukuonyesha chochote. Bhulakshmi alimchunguza vizuri na hakupata kitu, akaudhika, kisha akaona kwamba ndicho mumewe alichokuwa anakitaka siku zote.

Asubuhi iliyofuata Odelu alisikia ukanda wa Komuraiah ukikwaruza gome la mvumo ng'ambo ya ukuta, ukipanda. Alisikia kisu kikigusa. Alisubiri kidogo, kisha akaita kwa sauti kubwa, akilielekea tofali:

"Umekata chini!"

Kisu kikatulia. Sauti ya kaka yake ikatoka juu, ndogo, imepita kwenye saruji.

"Umejuaje?"

Odelu alipapasa saruji kwa kiganja. Komuraiah alingoja jibu kwa muda, halafu kisu kikaendelea.

Kura ile iligharimu matofali ya rupia mia nne na hamsini, nusu mfuko wa saruji rupia mia mbili, fundi mia nane. Iligharimu siku tatu za biri ambazo hazikusokotwa, na ungo mmoja uliopasuka ukingo. Kidonda kilifunguka, dawa yake ni rupia mia na sitini kila wiki, na bado inanunuliwa. Taa inawaka kutwa. Saini ya mgawanyo Komuraiah alitia, nambari bado haijatoka. Na iligharimu mivumo mitatu ya dirishani.